Bata Aliyekabwa Shingo

Mwaka 1982, Dar es Salaam ikiwa haina sabuni wala unga wa ngano, binamu yangu baharia alishuka bandarini na mabunda mawili. Moja lilikuwa la vitenge vya mkewe, jingine la santuri. "Hizi zako," aliniambia. "Aliyeniuzia kaapa kwamba ni za saksafoni tu." Nyingi zilikuwa za kawaida, za kusikilizwa jioni na kusahauliwa asubuhi. Lakini moja ilikuwa na sahani mbili ndani ya jalada moja, na jina la mpigaji sikuwahi kulisikia popote: Anthony Braxton. Santuri yenyewe iliitwa For Alto.

Nikaibeba hadi mazoezini. Bendi yetu ilikuwa ya shirika la umma, kama zilivyokuwa bendi nyingi siku hizo: shirika ndilo lililonunua vyombo, ndilo lililotulipa mshahara, na ndilo lililotukata mshahara tulipochelewa. Tulifanya mazoezi saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa baa moja Magomeni, viti vikiwa bado vimepandishwa juu ya meza na sakafu ikinuka bia ya jana yake. Mwenye baa alikuwa na mashine ya santuri. Wenzangu wakakusanyika, kila mmoja akitegemea kusikia kitu cha kuiba, maana ndivyo tulivyokuwa tukijifunza.

Kipande cha kwanza hakimalizi hata dakika moja. Kinaingia kwa upole, kinazunguka kidogo, kinatoka. Kiongozi wa bendi akatikisa kichwa: "Huyu bado anapasha." Kikaanza cha pili, ambacho Braxton alimtunukia mtunzi John Cage, dakika tisa na ushei. Saksafoni yake ya alto ikalia kama mlango wa chuma unaoburuzwa juu ya sementi. Ikakoroma, ikapanda juu kuliko pale tulipofundishwa kwamba ndiyo mwisho wake, ikashuka, ikararuka. Hakuna ngoma. Hakuna besi. Hakuna mtu wa kumpokea. Tulikaa tukisubiri gitaa liingie, na gitaa halikuingia.

"Bata kakabwa shingo!" alipaza sauti mpiga tumba.

Kwa wasiojua lugha ya muziki wa dansi: saksafoni kwetu ni mdomo wa bata, kwa jinsi ilivyopinda. Basi utani ulikuwa umefika mahali pake. Watu walicheka mpaka mwenye baa akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Mimi nilicheka kuliko wote, nikashika mbavu, nikaiga kile kilio kwa mdomo mtupu.

Na katika wote waliokuwa mle ndani, ni mimi peke yangu niliyejua mtu yule alikuwa akifanya nini.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimejaribu. Saksafoni nilijifunzia katika bendi ya gwaride, chini ya sajini aliyetufundisha kusoma nota kwa fimbo, kwa hiyo nilikuwa na pumzi na nilikuwa na macho ya karatasi. Usiku ambao bendi haikupiga, nilikuwa nikienda ufukweni upande wa Ocean Road, naipa bahari uso, natafuta zile sauti za juu zisizo na kitufe chake. Vidole havikufikishi huko. Unazipata kwa koo, kwa kubana midomo kidogo tu, kwa kuutuliza ulimi mahali ambapo hakuna anayeweza kukuonyesha. Katika usiku mzima ningepata moja au mbili, nazo zikiponyoka mara moja kama dagaa. Mtu yule alizishika dakika tisa.

Halafu kulikuwa na habari ya ridi. Ridi ni kile kijiti chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, bila hicho saksafoni ni bomba la maji. Miaka ile ridi hazikuwepo dukani. Alipotokea msafiri, tuligawana moja moja kama vidonge vya klorokwini. Ridi moja niliitumia miezi. Ikilegea, naichoma ncha kidogo kwa njiti ya kiberiti kisha naisawazisha kwa wembe. Ikipasuka, nachonga nyingine kwa plastiki ya chupa, na sauti yake inakuwa ya plastiki ya chupa. Nikiwa pale ukumbini nikimsikia Mmarekani akiitesa ridi yake namna ile, sehemu ya kicheko changu ilikuwa wivu wa mtu mwenye njaa akiona mwingine anachezea chakula.

Maisha yake nimeyasoma baadaye sana, kwa vipande, na kila kipande kilinikuta mahali tofauti. Alizaliwa Chicago tarehe 4 Juni 1945, upande wa kusini wa mji, kwa watu weusi. Naye alipita jeshini, akapiga katika bendi ya jeshi la Marekani, akapelekwa Korea. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini kwa muda. Tumefunzwa na sajini wa aina moja! Aliporudi Chicago mwaka 1966 akajiunga na AACM, chama cha wanamuziki weusi kilichoanzishwa mwaka uliotangulia, Muhal Richard Abrams akiwa mmoja wa waasisi. Kanuni yao ilikuwa fupi: kila mwanachama apige muziki wake mwenyewe, alioutunga mwenyewe. Mtu hakuruhusiwa kujificha nyuma ya nyimbo za wengine.

For Alto ilirekodiwa mwaka 1969, ikatoka 1971. Coleman Hawkins alikwisha kurekodi saksafoni peke yake miaka ya 1940, lakini ni vipande vya dakika chache tu. Kujaza sahani mbili, pande nne, kwa alto moja bila hata mtu wa kupiga makofi, hilo linahesabiwa kuwa lake yeye. Kipande cha mwisho peke yake kinachukua karibu dakika ishirini. Mwaka ule ule wa 1969 alikwenda Paris na wenzake, Leroy Jenkins wa fidla na Leo Smith wa tarumbeta. Baadaye, huko New York, alikaa kipindi akiishi kwa kucheza sataranji ya pesa katika bustani ya Washington Square. Nawaza wazee wa bao wa Magomeni, na kijana mmoja kati yao ambaye kichwani ana okestra.

Maana okestra alikuwa nayo kweli. Hilo ndilo ambalo sisi na santuri yetu tusingeweza kulijua. Mtu huyu aliyelia peke yake alikuwa akisikiliza watunzi Schoenberg na Stockhausen kwa mapenzi yale yale aliyompa mpiga saksafoni Coltrane. Aliandika nota kwa ajili ya piano, kwa kwaya, kwa opera. Vipande vyake hakuvipa majina ya kawaida. Alivipa michoro, mistari na namba na herufi kama ramani ya fundi umeme, na wenye kuuza santuri hawakujua wavitajeje, mpaka vikapewa namba. Mwaka 1971 alitunga kipande cha tuba mia moja. Tuba ni lile tarumbeta nene linalobeba sauti ya chini katika gwaride. Niliwahi kulibeba nikiwa kuruta, na kwenye mteremko linakuvuta kama mbuzi mkaidi. Mia moja! Kipande hicho kilipigwa mwaka 2006, New York. Aliandika akiwa na miaka 26, akasikia akiwa na 61.

Mwaka 1978, mwaka ambao hapa kwetu bendi ya Mlimani Park ilizaliwa na mji mzima ukahamia huko, yeye alikuwa Oberlin, Ohio, akirekodi kazi ya okestra nne zikipiga kwa pamoja, wanamuziki 160. Kampuni ya Arista iliitoa kwa sahani tatu. Ilikuwa kampuni kubwa, na miaka miwili mitatu kabla yake santuri yake ya okestra, Creative Orchestra Music 1976, ilikuwa imesifiwa sana na wahakiki. Lakini okestra nne haziuziki. Mkataba na Arista ukafika mwisho wake, na miaka ya mwanzo ya themanini ikamkuta na familia na bila fedha.

Yaani mwaka ule tuliomcheka, huenda mimi wa Magomeni nilikuwa na uhakika wa mshahara wa mwisho wa mwezi kuliko yeye. Nimeligeuza jambo hilo kichwani mara nyingi na bado sijui nilifanye nini.

Lawama alizopata zilikuwa za pande mbili. Wapenzi wa jazi walisema muziki wake ni wa baridi, hauyumbishi mwili, mtu mwenyewe anavaa sweta na miwani kama mwalimu wa hesabu. Wenye kumbi za muziki wa okestra walimwona mweusi, wakaona saksafoni, wakamwelekeza mlango wa jazi. Saksafoni yenyewe ilikwisha kuonja dharau hiyo. Adolphe Sax, Mbelgiji, aliisajili Paris mwaka 1846 akitumaini itaingia okestra. Watunzi wachache waliipa nafasi, lakini kiti chake cha kudumu haikukipata. Ikaenda kwenye bendi za jeshi, kutoka huko ikaenda kwenye madansi, na madansi yakaileta mpaka kwetu. Kuitoa kwenye dansi na kuirudisha kwenye karatasi, tena mrudishaji akiwa mtoto wa Chicago ya kusini, kuliwakera watu wa kila upande.

Nami nilikuwa na karatasi zangu. Mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya kicheko, nilitunga kipande cha saksafoni tatu: alto mbili na tenori moja. Hakikuwa na gitaa wala maneno. Nilikiandika kwenye daftari la shule, mistari nikaichora kwa rula. Sikumwambia mtu kwamba kilitokana na ile santuri, na hakikufanana nayo. Kilifanana zaidi na milio ya meli zinazosubiri kuingia bandarini, moja ikiita, nyingine ikichelewa kujibu. Kiongozi wetu alikisoma akiwa amesimama. Alikuwa mtu mwema na fundi wa kupanga vyombo, sisemi vinginevyo.

"Kizuri," alisema. "Na chemko liko wapi?"

Chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo wimbo unapanda moto na watu wanaacha viti. Nikasema hakina chemko.

"Sasa watu watacheza nini?"

Lilikuwa swali la haki. Ukumbi ulilipwa na watu waliokuja kucheza. Nikalikunja daftari, na Jumamosi ile nikapiga chemko za watu wengine mpaka saa nane usiku, nikizungushiwa noti kwenye paji la uso. Sitaki msomaji anionee huruma: nilifurahi. Hakuna raha kama saksafoni tatu zikiitikiana mbele ya ukumbi uliojaa, King Michael Enoch na wenzake wa Sikinde, yaani Mlimani Park, waliwapa watu wa mji huu raha hiyo miaka na miaka, nasi tuliwafuata kwa mbali. Ila daftari sikulifungua tena, na aliyelifunga si kiongozi. Yeye aliuliza swali. Mimi ndiye niliyekosa jibu na nisilitafute.

Braxton swali hilo hilo aliulizwa maisha yake yote, akalijibu kwa kutunga jingine. Mwaka 1985 alipata kazi ya kufundisha Chuo cha Mills, California, na tangu 1990 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mwaka 1994 alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo ni fedha nyingi na hakuna anayekuuliza umezifanyia nini. Mwingine angejenga nyumba. Yeye alizitia kwenye opera, Trillium R, sehemu nne, ikachezwa New York mwaka 1996. Sina la kusema juu ya mtu wa namna hiyo. Au nina moja: mke wangu angeniua.

Wala sitajifanya nampenda katika kila kitu. Kati ya 1995 na 2006 alitunga mfululizo aliouita Ghost Trance Music, ambamo nota zinatembea hatua moja moja, sawasawa, bila kuharakisha wala kupumzika, hata saa nzima. Nimejaribu kuusikiliza mara tatu. Mara mbili nililala, na mara ya tatu nilijikuta uwanja wa gwaride, jua la saa saba, sajini nyuma yangu. Labda ndiko alikotaka nifike.

Sisi tulimalizika polepole, kama ndoo inayovuja. Miaka ya tisini mashirika yakawa yanauzwa, na hakuna mnunuzi aliyetaka bendi ndani ya bei. Kikaja kinanda cha umeme. Kijana mmoja kwa vidole viwili alitoa sauti ya saksafoni tatu, na hakudai nauli tatu wala sare tatu. Sauti ile haina pumzi; ukisikiliza vizuri utaona haifiki mahali ikachoka. Wachezaji hawakulalamika. Alto niliyoipiga miaka kumi na mitatu ilirudishwa stoo kwa hati, nikatia sahihi mahali palipoandikwa "hali ya kifaa", nikaandika "nzuri". Kisha nikaajiriwa ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikauza misumari kwa kilo mpaka uzeeni. Santuri za binamu ziliondoka moja moja. Hiyo ya sahani mbili aliiazima mtu, sijui nani, nami sikuifuatilia, kwa kuwa mtu hafuatilii kitu alichokicheka mbele ya watu.

Mjukuu wangu anapiga saksafoni. Hakurithi kwangu, alijifunza kanisani kwa mama yake na kwenye simu. Anaitwa kwenye maharusi kuingiza bibi na bwana ukumbini: anavaa suti nyeupe, muziki wote unatoka kwenye kompyuta, na yeye anapita juu yake kwa alto inayong'aa kama sufuria mpya. Anapata fedha nzuri, na ridi ananunua boksi zima. Siku moja aliona mezani kwangu jina nililokuwa nimeliandika nisilisahau. Akaligonga kwenye simu, na kabla sijavaa miwani, ile sauti ikatoka. Kilekile kipande cha chini ya dakika moja. Halafu cha John Cage.

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nasubiri acheke.

Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma mahali fulani mara mbili. "Hapa babu, anafanyaje hapa?" Nikamwonyesha kwa koo, bila saksafoni, mzee wa meno kumi na tisa, nikafunga midomo na kuuweka ulimi pale ninapopakumbuka. Alikwenda kuchukua alto yake na kujaribu. Jirani aligonga ukuta.

Ni yeye aliyenieleza kwamba Braxton amewahi kuwapa wapigaji wake iPod, kila mmoja na yake, zimejaa rekodi za kazi zake za zamani, nao walizifungulia jukwaani huku wakipiga kipya juu yake. Miaka yote inalia kwa wakati mmoja. Mjukuu aliona ni jambo la kuchekesha. "Kama mimi na kompyuta yangu harusini," alisema. Nilikuwa karibu kumkatalia, nikaona simwezi.

Wiki iliyofuata nilimpa daftari. Panya walikuwa wamekula pembe, na kati ya kurasa sita zimebaki nne. Wale wawili niliowaandikia alto ya pili na tenori nimewazika wote, mmoja Kisutu, mwingine kwao Handeni. Mjukuu aliziweka karatasi sakafuni akazipiga picha, akaanza kuzisoma kwa kidole, midomo ikitikisika. Anasoma nota vizuri kuliko nilivyosoma mimi katika umri wake.

Akasimama kwenye ukurasa wa tatu. "Babu, hapa wote watatu wananyamaza. Mapigo saba. Kwa nini saba?"

Nikaichukua karatasi nikaisogeza dirishani. Yalikuwa saba kweli, niliyachora kwa wino mzito, mtu asije akadhani ni kosa. Nilitafuta kichwani ilikuwa meli gani, au usiku gani, au nani aliyekuwa amekaa karibu yangu. Sikuona kitu.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Wewe hesabu tu."